Sindano ya homoni kwa mbuzi anayezaa vitoto vilivyodumaa: jibu kwa mfugaji wa Micheweni

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mfugaji wa Micheweni, Pemba. Nina mbuzi wa maziwa wa kuchanganya. Mmoja ameshazaa mara mbili, na mara zote vitoto vilitoka vidogo mno, havikufika kilo moja na nusu. Vya mara ya kwanza vilikufa, vya pili kimepona kimoja na hadi leo kimedumaa. Sasa mama ana mimba ya miezi mitatu. Muuza dawa ameniambia nimchome deksamethasoni, eti ni homoni inayokuza mtoto tumboni, na hata hospitali wanawapa wajawazito wenye watoto wadogo. Mdogo wangu naye amesoma kwamba New Zealand wanawatibu kondoo kwa homoni na vitoto vinakua humo humo tumboni. Ni kweli? Nimchome?"

Marahaba, mwanangu. Usimchome.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu sindano ikishaingia haitoki, na mbuzi wako yumo katika miezi ambayo kosa la siku moja linamaliza mimba. Sasa tuzungumze kwa utulivu, maana uliyoambiwa hayakuzuliwa yote. Yamechanganywa mambo mawili yaliyo mbali kabisa.

Tuanze na hiyo deksamethasoni. Ni kweli hospitali hupewa mama mjamzito, lakini hapewi ili mtoto anenepe. Habari yake inaanzia kwa kondoo, huko huko New Zealand. Mwaka 1969 daktari Graham Liggins wa Auckland alikuwa akichunguza nini kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Akawatia vijusi vya kondoo deksamethasoni, wakazaliwa kabla ya wakati, naye akaona jambo ambalo hakulitarajia: vitoto vilivyopaswa kufa kwa mapafu kutokomaa vilikuwa vinapumua. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakachapisha matokeo ya jaribio kwa wanawake waliokuwa wakielekea kujifungua mapema, na tiba hiyo imeokoa watoto wengi mno ulimwenguni tangu wakati huo. Kwa hiyo kazi yake ni kukomaza mapafu ya mtoto anayekaribia kutoka. Kukuza ni jambo jingine.

Tena kukomaa na kukua hukinzana. Homoni ya jamii hii, ambayo kijusi chenyewe huitengeneza siku za mwisho, huuambia mwili: acha kujenga, jitayarishe kutoka. Ndiyo maana kondoo wenye mimba walipochomwa dawa hizi mara kwa mara katika utafiti, wana wao walizaliwa na uzito mdogo zaidi kuliko wenzao ambao hawakuchomwa. Muuza dawa wako anakupa kitu kinachopunguza kile hasa unachotaka kukiongeza.

La pili ni zito zaidi. Kwa mbuzi na kondoo, homoni hiyo ya kijusi ndiyo ishara inayofungua mlango wa kuzaa. Sisi madaktari wa mifugo huitumia deksamethasoni kwa makusudi pale tunapotaka mama azae: ukimchoma katika siku za mwisho za mimba, uchungu huja baada ya siku mbili tatu hivi. Sasa fikiria kitoto ambacho tayari ni kidogo, kinatolewa na muda wake haujatimia. Na kama mama ana maambukizi yaliyojificha, dawa hiyo hupunguza kinga yake, maradhi yakapata nafasi.

Nikiwa hapo hapo, kuna chupa nyingine zinazoitwa "homoni" madukani ambazo sitaki zikaribie mbuzi huyu. Prostaglandini huvunja mimba ya mbuzi katika umri wowote, kwa sababu mbuzi, tofauti na kondoo, hutegemea homoni ya kutunza mimba inayotoka kwenye ovari zake tangu mwanzo hadi siku ya kuzaa, na prostaglandini huizima. Oksitosini hukaza mji wa mimba. Prostaglandini pia hupenya ngozi ya binadamu. Mwanamke mjamzito au mtu mwenye pumu asiishike kabisa. Ukipewa chupa yoyote, soma jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa maandishi madogo, usiridhike na neno "homoni" tu.

Sasa nije kwa mdogo wako, maana naye hakukosea. Auckland kuna watafiti, akiwamo Jane Harding na Frank Bloomfield, waliofanya kazi ya miaka mingi juu ya vijusi vya kondoo vilivyodumaa. Walichukua kondoo wenye mimba na kuziba sehemu ya mishipa ya kondo la nyuma kwa chembe ndogo sana, ili damu ipungue na kijusi kikose chakula, kama inavyotokea kondo la nyuma linapodhoofika lenyewe. Kisha wakatumia homoni iitwayo IGF-1, inayofanana na insulini na ambayo ndiyo injini kubwa ya ukuaji kabla ya kuzaliwa. Hawakumchoma mama. Waliiingiza kwenye maji ya chupa ya uzazi, kwa kuwa kijusi huyameza maji hayo kila siku. Utumbo uliokuwa umedhoofika ukarudi kukua. Ni kazi nzuri sana, na mimi naifuatilia kwa moyo wote, kwani utumbo mbovu ni sababu mojawapo ya vitoto vidogo kushindwa kutumia maziwa baada ya kuzaliwa.

Lakini angalia vizuri walivyofanya. IGF-1 haivuki kondo la nyuma kutoka kwa mama kwenda kwa mwana kwa kiasi cha kumfaa, wala homoni ya ukuaji ya kawaida haivuki. Ungemchoma mama pajani, ungebadilisha mwili wa mama tu. Ndiyo sababu wao walilazimika kufanya upasuaji, kuweka mirija, kupima damu ya kijusi. Hakuna dawa ya aina hiyo iliyosajiliwa kwa mbuzi wa kufugwa, si hapa wala huko kwao. Kondoo wale walikuwa ni njia ya kuwatafutia tiba watoto wa binadamu.

Na hata ndani ya maabara homoni ina mpaka wake. Kijusi chenye afya kikitiwa IGF-1 nyingi, hukua kwa kasi, lakini sukari na viini vya protini katika damu yake hushuka, na insulini yake nayo hupungua. Ukuaji unakula, na chakula chote kinapita mahali pamoja. Wewe ni mtu wa Pemba, nikueleze kwa bandari ya Mkoani: homoni ni hati ya kuagiza mzigo, kondo la nyuma ndiyo bandari. Ikiwa gati ni bovu, kuongeza hati za kuagiza hakuleti gunia hata moja zaidi. Kijusi kilichodumaa mara nyingi kimepunguza ukuaji ili kijihifadhi, kwa kuwa hewa na chakula vinavyokifikia ni haba. Kukilazimisha kikue bila kukiongezea njia ya kupokea kunaweza kukimaliza.

Kwa sababu hiyo watafiti wengine wamehamia kwenye bandari yenyewe. Marekani wamewalisha kondoo wenye mimba melatonini, homoni ya usiku, wakaona damu inayopita kwenye mshipa wa kitovu inaongezeka. Inatia matumaini, ila kuongezeka kwa damu bado si sawa na kitoto kizito mkononi. Tena tuwe na tahadhari. Sildenafili si homoni, lakini nayo ilitarajiwa kufungua mishipa ya kondo la nyuma. Jaribio lake kwa wajawazito huko Uholanzi lilisimamishwa mwaka 2018 baada ya watoto kadhaa waliozaliwa kufa kwa matatizo ya mapafu. Dawa inayomgusa aliye tumboni haina jambo dogo.

Basi turudi bandani kwako.

Kwanza tujue vitoto vyako vilidumaa au vilizaliwa kabla ya siku. Watu wengi huvichanganya, na dawa yake si moja. Safari hii kitoto kikitoka, kiangalie kabla hujafanya mambo mengi. Fungua mdomo: kama meno ya mbele yamechomoza kwenye ufizi, manyoya yamejaa na masikio yanasimama au kuning'inia kwa nguvu zake, kimetimiza siku. Kama manyoya ni mafupi laini kama mahameli, ufizi umefunika meno na miguu haijui kusimama, kimetoka mapema, na hapo tutatafuta maambukizi yanayotoa mimba. Aliyedumaa ana sura yake: kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, mbavu zinahesabika, mapaja hayana nyama. Chakula kilipokuwa haba tumboni, mwili uliulinda ubongo na kuacha mengine. Kipime kwa mizani ya ndoana wanayopimia samaki, kitie ndani ya kikapu. Andika uzito, tarehe aliyopandwa mama na tarehe aliyozaa. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Ukiwa na tarehe hizo mbili, nusu ya kazi yangu imekwisha.

Kondo la nyuma likitoka nalo litazame, ila kwa mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu maradhi ya kutoa mimba kama brusela huambukiza watu. Utaona vinundu vyekundu vilivyotapakaa juu yake. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vimeshikana na mji wa mimba na kupitisha chakula. Vikiwa vichache, vidogo au vimekakamaa na kuwa na rangi ya kijivu, njia ilikuwa mbovu. Ukishatazama, lizike chini sana, mbwa na paka wasilifikie. Paka wakijisaidia kwenye majani ya mbuzi wanaweza kuleta toksoplasma, ambayo nayo huharibu mimba, basi chakula chake kifunike.

Hukuniandikia mbuzi wako anakula nini, nami nalitaka sana hilo. Kisiwani kwetu mfugaji wa mbuzi wa kufungiwa hukimbilia lusina na majani ya muhogo, kwani ndiyo yanayopatikana hata jua likiwaka. Yote mawili yana protini nzuri. Lakini lusina ina sumu iitwayo mimosini, ambayo tumboni mwa mnyama hugeuka kuwa kitu kinachozuia tezi la shingo kutengeneza homoni yake. Majani ya muhogo nayo yana sianidi. Mwili unapoiondoa hubaki kitu kinachoshindana na madini joto, yaani ayodini, yasiingie kwenye tezi. Mbuzi mwenye mimba akilishwa hayo kutwa kucha, tezi lake na la kijusi huishiwa nguvu, na homoni ya tezi ni miongoni mwa zile ambazo kijusi hakiwezi kukua bila hizo. Vitoto hutoka vidogo, dhaifu, manyoya haba, na pengine uvimbe kooni.

Watu hupinga wakisema sisi tumezungukwa na bahari, madini joto yatapungua vipi? Hata wataalamu walidhani hivyo. Lakini watafiti walipopima watoto wa skuli wa Zanzibar, walikuta Pemba ina upungufu wa madini joto kuliko Unguja, na chumvi iliyotiwa madini hayo ilikuwa nadra sana majumbani Pemba. Chumvi ya mashamba yetu ya bahari haina madini joto ya kutosha mpaka itiwe. Ikiwa binadamu wa hapo alipungukiwa, mbuzi anayekula lusina kutwa ana hali gani?

Kwa hiyo, ukitaka kweli kumtibu mbuzi wako kwa njia ya homoni, anza na hii. Lusina isizidi theluthi ya majani anayokula kwa siku. Majani ya muhogo yanyaushwe juani siku nzima au zaidi kabla ya kumpa, na yasiwe chakula kikuu. Mnunulie chumvi yenye madini joto, ile ile ya jikoni yenye maandishi hayo kwenye pakiti, umpe kijiko kidogo cha chai kwa siku juu ya pumba. Usimnyweshe ayodini ya vidonda kwa kudhani ni haraka zaidi. Ikizidi nayo huharibu tezi.

Jambo la pili ni wakati. Kondo la nyuma la mbuzi hujengeka zaidi katika miezi ya pili na ya tatu. Kijusi chenyewe huongeza kiasi cha robo tatu ya uzito wake katika miezi miwili ya mwisho. Mbuzi wako sasa yupo mpakani hapo. Bandari aliyoijenga ameshaijenga, na hatuwezi kuirudisha nyuma; tunaweza kuhakikisha kila kinachoweza kupita kinapita. Anza sasa na robo kilo ya pumba laini ya mpunga kwa siku, si kumvi. Panda polepole, mwezi wa mwisho afike karibu nusu kilo, asubuhi na jioni. Machicha ya nazi unaweza kuchanganya, ila yawe ya siku hiyo hiyo, maana huchacha haraka. Majani ya mgirisidia yaliyonyauka yatakusaidia kushika nafasi ya lusina uliyopunguza. Usimrundikie chakula kwa siku moja kwa huruma. Tumbo litachafuka na utampoteza mama pia. Na akianza kujitenga, kukataa chakula, pumzi ikawa na harufu tamu tamu, huo ni ugonjwa wa mama aliyeelemewa na mimba, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Maji na kivuli sina haja ya kukuhubiria sana, lakini ujue kwa nini nakutajia. Joto kali peke yake, hata chakula kikiwa kingi, hudumaza kijusi: mama hupeleka damu kwenye ngozi ili apoe, na mji wa mimba unapunjwa. Watafiti huko Colorado huwaweka kondoo kwenye chumba cha joto la nyuzi 40 ili kupata vijusi vilivyodumaa kwa ajili ya kuvichunguza. Mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mnazi wakati wa kaskazi, kivuli kikamkimbia saa tano, hana tofauti kubwa na kondoo wa chumba kile. Mhamishe, au mjengee banda lililoezekwa makuti na ndoo ya maji ndani.

Tazama pia macho yake. Vuta chini kope ya chini, uangalie ngozi ya ndani. Ikiwa nyekundu, vyema. Ikiwa imepauka, minyoo wanaonyonya damu wanashindana na kijusi, na huenda utaona uvimbe wa maji chini ya taya. Mwezi wa tatu anaweza kupewa dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake. Aina ya albendazoli isitolewe mwanzo wa mimba, kwani huweza kuumiza kijusi.

Kuna swali jingine hukuliuliza: alipandwa akiwa na umri gani? Mtafiti Jacqueline Wallace wa taasisi ya Rowett, Aberdeen, Scotland, alionyesha kwamba kondoo jike aliyepandwa angali anakua, akalishwa kwa wingi, huzaa mwana mdogo kuliko aliyelishwa kwa kiasi. Chakula kinajenga mwili wa mama mwenyewe, kondo la nyuma linabaki dogo. Mwaka 1938 watafiti Walton na Hammond nao walichanganya farasi wakubwa aina ya Shire na wadogo aina ya Shetland, wakaona mtoto wa mama mdogo anazaliwa mdogo hata baba awe mkubwa vipi. Basi mbuzi wako akiwa alipandwa kabla ya kufika thuluthi mbili za uzito wa mbuzi mzima, mimba ya kwanza ilikuwa na mashaka tangu mwanzo. Na ikiwa beberu ni mmoja kwa mtaa mzima na ndiye baba yake, hapo pana tatizo la damu moja, ubadilishe beberu.

Siku ya kuzaa ikifika, kitoto kidogo huuawa na baridi na njaa kuliko kitu chochote. Kikaushe. Tia kidole chako mdomoni mwake. Kama mdomo ni wa baridi, kipashe joto kwanza, usikimiminie maziwa wakati hakiwezi kunyonya, yatakwenda mapafuni. Kikishapata joto, kamua dang'a la mama yake. Kitoto cha kilo moja kinataka mililita 50 kwa mara moja, mara tatu au nne katika siku ya kwanza, na mara ya kwanza iwe ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa. Kitovu kichovye kwenye ayodini. Ile ya vidonda, hapa ndipo mahali pake.

Mwombe bwana mifugo wa shehia aje amwangalie mama wiki hii, na achukue damu ya kupima brusela. Maziwa yake yachemsheni mpaka majibu yatoke. Akishazaa, msimpandishe tena mpaka mwili urudi na mgongo uwe na nyama ukiupapasa, na ile chumvi aanze kuipata kabla ya kupandwa, ili safari ijayo madini yalikute kondo la nyuma linaanza kujengeka. Niandikie uzito wa vitoto, hata kama habari si nzuri.